Koti la Kijani la Mzee wa Pumba

Admin, naomba unifichie jina, na hata la mwanangu nimelibadili, maana Rujewa tunajuana na baadhi ya wanaokufuatilia wananunua mchele kwangu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, mjane, nina binti mmoja yuko kidato cha kwanza. Nitamuita Tumaini. Najua wengine mtacheka mkisikia kinachoniliza ni gemu la kwenye simu. Chekeni, lakini someni hadi mwisho.

Mume wangu alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga. Umeme ukikatika wenzake walilala juu ya magunia, yeye alicheza gemu. Humo alijiita Mzee wa Pumba, kwa sababu alikuwa anarudi nyumbani na pumba mpaka kwenye nyusi. Siku moja alisimama mlangoni anacheka peke yake.

"Mama Tumaini, leo mumeo kavaa koti la wakubwa."

"Koti gani? Mimi naona pumba tu. Rudi nje ujikung'ute kwanza."

Akafuta kioo cha simu kwa shati, akanionyesha mtu wake wa kwenye gemu amevaa koti refu la kijani lenye kola ya manyoya. Lilitolewa msimu mmoja tu, kwa waliomaliza mashindano fulani, na kwa mtandao wetu ulivyo alikuwa anapanda juu ya trela la mpunga kuutafuta. Akaniambia halitatolewa tena. Nikampakulia wali, akala kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu.

Mwaka juzi aliugua ghafla, na hospitali hatukukaa naye sana. Tulimzika kwao Iringa. Siku ya kumaliza msiba nguo zake zilitandazwa kwenye mkeka, ndugu wakagawana, kama desturi ilivyo. Nilitamani lile jaketi lake la bluu lililochanika mfuko, nililolishona kwa uzi mweusi kwa sababu wa bluu uliniishia. Lakini niliona aibu kunyoosha mkono mbele ya wakwe, akapewa mdogo wake. Wifi yangu aliona nilivyolitazama, akaninong'oneza, Tumaini akiwa ameniegemea, "Wifi, nguo ya marehemu ukiifungia inaliwa na nondo. Ikivaliwa, mwenyewe anatajwa." Simu ndiyo iliyobaki kwangu.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda kuwasalimia wakwe. Niliposhuka basi pale Ipogolo, kwenye wauza nyanya, nikaona mgongo wa jaketi la bluu. Ndugu zangu, mdomo ulitangulia akili. Nilimuita mume wangu kwa jina, kwa sauti, mbele za watu. Akageuka shemeji yangu, aliyekuja kunipokea. Akabaki ameduwaa, kisha akaanza kulivua jaketi na baridi ile ya asubuhi.

"Chukua tu, shemeji. Sikujua litakuumiza."

"Vaa, shemeji. Kuna baridi."

Ile hali ya kumuona halafu si yeye, sijui niielezeeje. Ni kama nilizika tena.

Tangu hapo nguo yake iliyobaki mikononi mwangu ni lile koti la kijani. Kucheza sijui. Jumapili tukitoka kanisani Tumaini anafungua gemu kwenye simu yangu, mimi nafungua kwa simu ya baba yake, namtembeza Mzee wa Pumba taratibu mpaka kwenye daraja lililomo humo, nasimama naye. Hata wapite watu wengi namna gani, wa kijani ni yeye tu. Kuna siku mchezaji mmoja alimwandikia, "Mzee wa Pumba! Ulipotelea wapi kaka?" Vidole vyangu vikaandika, "Nipo." Nikaiweka simu chini nikaenda jikoni kulia.

Sasa wiki hii umekuja ujumbe kwenye akaunti yake. Ulikuwa wa Kiingereza, Tumaini akanisomea. Wenye gemu wanasema wachezaji wapya wanalalamika kwamba vitu vizuri vilitolewa kabla wao hawajaanza, kwa hiyo wanawauliza wenye koti: lirudishwe, wapya nao walipate, au libaki la wale wa zamani? Mwisho wa kujibu ni Jumapili hii.

Nilisema hapohapo, "Bonyeza hapana. Baba yako alilihangaikia juu ya trela."

Tumaini akaisogeza simu kwangu. Kisha akasema, "Mama, bonyeza ndiyo."

"Ili kila mtu avae la baba yako?"

"Ili mimi nivae. Si Krismasi tulikuwa tunashona kitenge sare wote watatu? Pale darajani yeye ana koti, mimi nina fulana ya bure. Naonekana kama mtu aliyekuja kumuuliza njia."

Nilicheka, halafu sikuweza kuendelea kucheka. Akaongeza kwa sauti ndogo, "Kwani shangazi alisemaje kuhusu nguo?"

Mwanangu hadai makuu, na mwezi ule baba yake alipolipata koti, Tumaini hakuwa hata na umri wa kucheza. Kuchelewa si kosa lake. Lakini siku nitakapofungua nikute makoti ya kijani yamejaa darajani, nitafanyaje? Nitashtuka kwa kila mmoja kama nilivyoshtuka Ipogolo, na hawa hawatanivulia waseme pole shemeji. Nikibonyeza hapana, namnyima binti yangu sare na baba yake. Tangu juzi hanisemeshi kuhusu gemu, anafua na kuosha vyombo kimya, na hilo linaniuma kuliko kama angenung'unika.

Walio na busara, na hasa mliofiwa, nisaidieni kabla ya Jumapili. Kila nikiwasha simu lile swali bado lipo, na halijaandikwa kwa jina langu. Limeandikwa, "Hello, Mzee wa Pumba." Linamsubiri yeye. Nimjibie nini?