Magnum ya Wamagana

Anayesema haya nimeyatunga, aende Wamagana akaulize mwenyewe. Mimi sina faida yoyote ya kuyasimulia. Yameshanipotezea dada.

Mimi ni mtu wa Nanyuki. Wazee wetu walikuwa wauzaji wa ng'ombe, lakini mimi na shemeji yangu Yusuf, mume wa dada yangu Halima, tulishika kazi ya kuongoza wawindaji. Kwetu Kenya kuwinda kumepigwa marufuku tangu kabla hatujazaliwa, kwa hivyo kila msimu tulivuka kwenda Tanzania, kule wageni wanakolipia vibali vya nyati na ndovu. Mimi nilikuwa tayari mwongozaji kamili. Yusuf alikuwa bado msaidizi, kwa sababu kampuni haikumpa mtu wageni wake mwenyewe mpaka awe na bunduki nzito ya kwake, aina ya magnum. Na magnum mpya, niamini, ni bei ya shamba.

Ndipo tukasikia kwamba kuna mtu wa Wamagana, jina lake Ndirangu, anauza magnum iliyotumika.

Tulifika alasiri, mwezi wa saba, ukungu umeshuka hadi kwenye majani ya chai. Ndirangu alikuwa hajarudi kutoka Gatitu. Mkewe, Wangari, alitukaribisha vizuri, na Yusuf akabaki kando ya jiko akinywa chai. Mimi nikatoka kunyoosha miguu.

Nyuma ya zizi alisimama mzee mmoja. Alivaa kabuti ndefu ya kijani, imechanika ubavuni kutoka kwapani hadi kiunoni. Nikamwamkia, hakuitikia. Akaniuliza kama nimekuja kwa ajili ya bunduki. Nikasema ndiyo, anayeitaka ni shemeji yangu. Nilidhani ni jirani, tena jirani anayeijua ile silaha vizuri, maana alinieleza inavyolenga na inavyopiga teke begani. Kisha akasema:

"Ikiwa baridi haina shida. Ikipata jua, risasi ya kwanza itatoka, lakini ganda lake litakwama ndani. Utavuta bolti ya kulitolea, itakataa. Na nyati hangoji mtu."

"Umejuaje, mzee?"

"Nilivuta mpaka mwisho."

Sasa sikiliza. Baridi ilikuwa kali, pumzi yangu ikitoka kama moshi. Yeye alizungumza maneno yote yale na kinywani mwake hakikutoka chochote. Wewe ungefanya nini? Mimi niligeukia nyumba nimwite Yusuf. Nilipotazama tena, palikuwa na nyasi tu, na matone ya ukungu juu yake hayajaguswa.

Ndirangu aliporudi nikamuuliza yule mzee ni nani. Akasema hapo kwake hakuna mzee. Nikaeleza ile kabuti na ilivyochanika. Wangari alikuwa anamimina chai. Akaweka birika chini.

"Hiyo ndiyo kabuti baba alirudishwa nayo," akasema polepole.

Mumewe akamkatiza kwa Kikuyu, neno moja tu. Halafu akatugeukia sisi akitabasamu. Akasema bunduki ilikuwa ya baba yake, ndiyo, lakini baba yake alikufa na presha hospitalini, na ati wanawake wanapenda hadithi. "Hiyo bunduki iko sawa. Haijawahi kusumbua mtu. Kuja kesho uijaribu."

Kesho yake, asubuhi, kwenye uwanja wa shabaha, baridi ilikuwa ileile. Yusuf alipiga risasi kadhaa, na maganda yakaruka nje bila taabu. Nikamvuta kando nikamweleza yote niliyoyaona na kuyasikia, nikamwomba aiache, tutafute nyingine. Akaipangusa bunduki.

"Shemeji," akasema, "wewe tayari una yako."

Baada ya neno hilo nikamsaidia kujaza fomu. Vibali vya polisi vikatoka, bunduki ikawa yake, naye akapewa wageni.

Msimu huohuo, mchana wa jua kali, Yusuf alimfuata nyati aliyejeruhiwa na mgeni wake. Mimi nilikuwa kambi nyingine. Waliokuwepo walisikia mlio mmoja, hawakusikia wa pili. Tulimleta Nanyuki kumzika, na mimi ndiye niliyemwosha. Kifua sitakieleza. Lakini kiganja cha kulia kilikuwa kimechubuka hadi nyama, kwa kuipigapiga ile bolti.

Wangari alikuja kutupa pole, peke yake, na hakuingia ndani. Akaniambia baba mkwe wake alikufa vilevile, na kwamba Ndirangu mwenyewe ndiye aliyetoa lile ganda kwa nyundo. "Nilitaka kuwaambia," akasema, "lakini boma ni yake, na mimi sina kwingine." Mfu aliniambia ukweli mara moja, bila kuulizwa. Mzima alitudanganya huku akitunywesha chai.

Halima nilimweleza baada ya arobaini. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, ikiwa nilijua, mbona sikuivunja ile bunduki. Tangu siku hiyo hanisemeshi. Sikukuu huwatuma watoto kuja kuniamkia, yeye haji.

Bunduki sasa ni ya urithi wake, na anataka kuiuza, maana watoto wanasoma. Fundi ameikagua hapa kwenye baridi yetu akasema haina kasoro. Juzi mtu wa Kerugoya aliyesikia inauzwa akanipigia simu. Nilimweleza kila kitu, kuanzia mzee hadi kiganja. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza kama kwa sababu hiyo bei inaweza kushuka.

Basi nakwambia wewe. Ukiuziwa magnum iliyotumika huku Mlimani, ilaze juani mchana kutwa kabla ya kuijaribu. Na asiyetaka uinunue, hata akiwa na yake nyumbani, msikilize.