Mume Wangu Alimwamkia Muuguzi

Mume wangu aliingia hospitali kwa miguu yake, kanzu imepigwa pasi, ndiyo maana sikuelewa lolote lililofuata. Tangu alfajiri alikuwa mnyonge, hataki chai, anahema kama aliyepanda mlima. Hana homa, hakohoi. Nikasema uzee huo. Binti yetu ndiye aliyeng'ang'ania twende.

Chumba cha dharura kilijaa. Mbele yetu alikuwepo kijana aliyeanguka na bodaboda njia ya Msata, mguu umevunjika, anapiga kelele ukumbi mzima. Nikajua huyo ndiye wa kwanza, sisi tukae tungoje.

Akaja muuguzi, msichana mdogo, umri wa wajukuu zetu. Kabla hajafungua mdomo, mume wangu akamwambia, "Shikamoo."

Nikacheka. Kwetu babu na mjukuu ni watani, wajukuu wa kike huwaita wake zake. "Anakutania huyo," nikasema. "Anataka umpe dawa tamu."

Muuguzi hakucheka. "Bibi, huwa anawaamkia watoto?"

"Hajawahi. Leo tu kaanza. Asubuhi kamwamkia hata mjukuu wa chekechea."

"Babu, hapa ni wapi?"

"Msikitini," akajibu, kwa adabu kabisa.

Muuguzi akamshika mkono, akatazama kifua kinavyopanda na kushuka, akaniuliza kama ana sukari, kama amekula. Kisha akaita kitanda cha magurudumu, wakaanza kumkimbiza ndani.

Yule kijana akapaza sauti: "Mzee katembea mwenyewe, mimi mguu huu hapa unaning'inia!"

Nami nikamuunga mkono, nikamwambia muuguzi, "Mwanangu, aliyeumia ni yule."

"Bibi, yule ana nguvu za kupiga kelele. Huyu wako hajui hata alipo, na pumzi inamwenda mbio. Tukichelewa tutampoteza."

Sikumwelewa. Nimeuguza wazazi, nimezaa, nimezika. Mgonjwa mahututi kwangu ni anayelia au aliyezimia. Baadaye daktari akasema ni mapafu, na ugonjwa umeshaingia kwenye damu. Nikamwambia hakukohoa. Akasema wazee wengine hawakohoi wala hawapati homa, akili ndiyo hupotea kwanza. Sasa mapafu na akili wapi na wapi?

Wamenirudishia mume wangu, alhamdulillahi. Lakini siku hizi akinyamaza barazani sijui amechoka au ndiyo yale yale. Namuuliza, "Bwana, leo siku gani?"

"Siku ya wewe kuniacha nipumzike."

Namtazama kifua kinavyopanda na kushuka. Jibu zuri hilo, au baya?