Pamba Kwenye Ukingo wa Mninga

Watu wa Bariadi kwa maneno hawajambo. Walisema Mayunga, fundi seremala, ana moyo wa jiwe. Mkewe Nyanjige alizikwa mwezi wa tatu, mwaka wa tisini na saba, yeye akasimama kaburini mikono mfukoni, na kesho yake akaonekana anafagia karakana. Mayunga mwenyewe alijichunguza ndani akakuta hamna kitu, si uchungu wala hasira. Akipewa chakula alikula, akisalimiwa "Mwangaluka" aliitika, basi.

Mwezi wa saba ikabidi atengeneze kitanda. Binti yao Joyness alikuwa anaolewa Lagangabilili, na ubao wa kichwani ulikuwepo: mninga mmoja mpana ulioshushwa kwa treni Malampaka. Nyanjige aliununua kwa pamba ya shamba lake mwenyewe, akauhifadhi uvunguni miaka sita kwa ajili ya siku hiyo. Wa pili hakuna. Ukingo ukichanika, ndiyo imetoka hiyo.

Zamani, karakana ya ushirika ilikuwa na kisu kimoja tu cha ruta, ile mashine ya mkono ya kuchongea kingo. Unakisaini asubuhi, jioni unakirudisha. Ushirika ukafa, biashara ikafunguliwa, na sasa duka la Salu lilijaa visu vya kila namna, vimepakwa rangi ya dhahabu utadhani vinakwenda harusini. Haya, chagua sasa!

"Chukua hiki, fundi," Salu alimwambia. "Kimesokotwa, kinavuta vumbi lote juu. Hutajuta."

Mayunga alichukua hicho, na mwenzake kilichosokotwa kuelekea chini, na kimoja kilichonyooka. Ubao wa Nyanjige hakuugusa. Alivunja stuli kuukuu ya mninga, akawasha jenereta, akajaribu. Kilichonyooka kiliunguza ukingo ukawa mweusi. Kile cha Salu kiling'oa nyuzi za mbao, ukingo wa juu ukaota manyoya. Hutajuta, kweli! Cha tatu, kile cha kuelekea chini, kilizikandamiza nyuzi na kuzikata, mradi ukisukume kidogokidogo, bila papara. Akakichagua hicho, wala hakufurahi.

Kesho yake akauchonga ule ubao. Alianza na ncha mbili fupi, akikatiza nyuzi, kisha akaja pande ndefu, ili pembe ikimeguka imeguke mahali kisu kitakapopita tena. Alipomaliza alizima jenereta, akapuliza vumbi, na bila kufikiri akaita kuelekea nyumbani:

"Nyanjige! Njoo na pamba!"

Kwa maana katika nyumba hiyo ukingo haukupimwa kwa kidole. Kidole cha fundi kina sugu, kinadanganya. Nyanjige alikuwa anachukua kipande cha pamba, anafumba macho, anakiburuta ukingoni. Unyuzi mmoja ukinasa, anasema, "Rudia, bwana." Mayunga anafoka, "Kwani kitanda hiki atalalia malaika?" Kisha anarudia. Miaka ishirini, hakuna kilichotoka karakana bila kupitishiwa pamba.

Alikuwa ameita, na sauti ilikwisha kutoka. Joyness alitokea mlangoni na sufuria mkononi. Akamtazama baba yake, akaweka sufuria chini, akaenda ghalani. Alirudi na pamba kidogo kutoka gunia la mwisho la mama yake. Akafumba macho, akaiburuta.

"Haijashika, baba."

"Pitisha tena."

Akapitisha. "Haijashika."

"Pitisha tena, mayu, mama yangu."

Mara ya tatu pamba ilifika mwisho nzima vilevile. Mayunga akainama juu ya ubao, akautafuta unyuzi, hata mmoja tu, ili mtu amwambie arudie. Haukuwepo. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, mchana kweupe, jenereta imezimwa na majirani wote wanasikia.