Feli Urudi Shamba

Hadija Bakari alivunjwa mkono na baba yake mzazi. Sipambi maneno. Likizoni Mzee Bakari alichukua mpini wa jembe, akamwambia, "Kwenye huo mtihani utaandika madudu, umenielewa?" Kisha akapiga.

Kijijini kwao Mahurunga agizo hilo si geni. Dada yake, Hawa, aliambiwa hivyo hivyo darasa la saba. Akaacha karatasi nyeupe, akafeli, akaozwa. Ndivyo mzee alivyozoea.

Ila shule ya bweni ya Hadija ilikuwa imebadilisha mambo. Mtihani wake wa kumaliza kidato cha nne ilishaufuta, ikaleta kipimo cha utayari wa chuo. Uko tayari, unakwenda chuo. Bado, unabaki bwenini mwaka mzima unanolewa. Wazazi waliitwa kikaoni waelezwe. Bakari hakwenda. Alikuwa anapuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho yake.

Hadija alitaka uuguzi. Alikaa kwenye kipimo mkono umefungwa kitenge, umevimba, vidole havishiki kalamu. Katikati ya maswali akazimia. Jibu likatoka: bado.

Bakari akaja kumchukua, anacheka, mchumba kashapatikana. Mwalimu Yustina, mama wa Bukoba asiyeogopa mtu, akamsimamisha getini.

"Baba Hawa, huyu harudi nyumbani. Anabaki hapa."

"Mwanangu kafeli!"

"Ndiyo maana anabaki."

"Shule gani hii ya kichawi? Mtu kafeli mnamng'ang'ania!"

Akamsukumiza mwalimu ukutani, damu zikamtoka puani. Akamkamata Hadija kwa ushungi, akamburuta kwenye kokoto mpaka magoti yakachunika. Wanafunzi wanapiga kelele, mlinzi anatafuta filimbi. Filimbi, jamani!

Hadija akamng'ata baba yake kiganja. Aling'ata mpaka meno yakagonga mfupa. Mzee akalia kama mbuzi, akaachia.

"Ulitaka nifeli, baba, nimefeli," akasema, mdomo mwekundu. "Sasa niache nisome."

Bakari akaokota jiwe. Halikurushwa, maana wavulana wa kidato cha tatu walimrukia na kumshindilia makofi mpaka akakaa chini mwenyewe.

Huku mjini bado mnabishana kipi bora, mtihani au kipimo. Bishaneni. Hadija yuko bwenini, anafundisha mkono wa kushoto kuandika. Kesho yake baada ya vurugu zile, mama yake alileta sanduku la nguo, akaliweka getini, akaondoka bila kuingia. Jicho lake moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe.