Chungu Hakina Wazimu

Siku ile ya kule Mandawa haijanitoka, mwanangu, na tangu juzi inanizunguka kichwani. Nilikuwa kigoli. Bibi yangu aliniachia chungu cha mbaazi za wageni wa arusi. Nikasukuma kuni, chungu kimya. Nikaongeza, kimya. Nikajaza jiko. Mara kikafura, povu likazima nusu ya moto. Nikachomoa kuni zote, kikapoa. Nikajaza tena, kikamwagika tena.

"Bibi, chungu hiki kina wazimu!"

"Chungu hakina wazimu. Wazimu ni wa mkono wako. Moto wa sasa kitausikia baadaye, na joto lililomo ni la kuni zote tangu asubuhi. Sukuma kidogo kidogo, ukumbuke ulichokwisha kutia."

Juzi mjukuu wangu Zuhura, anayesoma hesabu chuo kikuu, alikuja hapa Marambo na kompyuta. Alikuwa anapiga hesabu ya mbu wa mikorosho, wale wadudu wanaofyonza machipukizi. Mstari wa idadi yao kwenye kioo ukapanda, ukashuka, ukapanda zaidi. Hamisi, mwanangu wa kumzaa, alipouona, akaanza kunoa shoka.

"Mama, shamba limekwisha. Nakata, napanda ufuta."

Mikorosho ile aliipanda marehemu mume wangu. Kukaa nikashindwa.

"Zuhura, wadudu wa leo wametoka wapi?"

"Kwenye mayai ya nyuma, bibi. Ya wiki nyingi, yakijumlishwa."

"Na humo kwenye kompyuta unawahesabu kila baada ya muda gani?"

"Kila mwezi. Nikihesabu kila siku, mashine inachelewa."

"Shambani umewaona wakipanda na kushuka hivyo?"

"Hapana. Wanapungua polepole."

"Basi tazama mkono wako."

"Bibi, hii si mbaazi!"

Kisa cha chungu anakijua. Lakini akarudi kazini. Akafupisha hatua za hesabu, asingoje mwezi mzima, mstari bado ukatikisika. Akaguna, akabadili na ile kanuni ya kujumlisha mayai ya nyuma, akachagua isiyozua mtikisiko. Hayo kayajua yeye, si mimi. Mstari ukayumba kidogo, ukashuka, ukatulia. Hamisi akarudisha shoka, kanuna.

Mwanangu, haraka haraka haina baraka, umeisikia mpaka imekuchosha. Isikie tena. Hesabu ikikosea kidogo, tutasamehe. Ikigeuza tabia ya kitu, itakata miti ya watu. Kabla hujanoa shoka, uliza: mtikisiko huu ni wa shamba, au wa hatua zangu?

Mimi mwenyewe sijatulia. Kila asubuhi naenda kukagua machipukizi. Mungu akupe mkono mwepesi, na subira ya kungoja moto ulioutia jana.