DVD ya mazishi inakwama pale ninaposhika maiki

Admin, nifiche jina, ingawa ukisema tu "yule mzee wa sidii" nusu ya mtaa wetu hapa Nakuru watanijua. Nina miaka hamsini na tatu, kitambi cha heshima, na kazi ambayo vijana huniuliza kama bado ipo. Watu wa Kikopey wanachoma mbuzi, mimi nachoma DVD. Zamani nilikuwa na duka la filamu. Siku hizi nafanyia sebuleni, harusi na mazishi za watu wanaotaka kitu cha kuweka kabatini.

Mke wangu alifariki mwaka jana, tukamzika nyumbani kwetu Kabazi. Mpiga picha alinipa diski moja, na kila jamaa akataka kopi. "Na yangu usisahau, si wewe ndiwe fundi?"

Kitambo nilikuwa nakopi diski kwa diski, moja moja, huku TV ikionyesha. Safari hii nilitafuta njia ya haraka. Unaingiza diski mara moja, kompyuta inaihifadhi yote, halafu unachoma tatu kwa pamoja kwa spidi ya mwisho. Huhitaji kuona hata picha moja. Niliipenda sana hiyo njia. Nilimaliza, nikaandika jina lake juu ya kila moja kwa mwandiko mzuri, kama kazi ya mteja.

Kitu kimoja sikufanya. Kwa hii kazi lazima uonje: unacheza mwanzo, katikati na mwisho, uone kama inakwama. Miaka hii yote nimeonja, hata harusi zenye kwaya mbaya. Hii sikuonja. Niliwaambia watu nina haraka.

Juzi mama mkwe akanipigia kutoka Dundori.

"Baba Nanii," akasema (huyo Nanii ni binti yetu, naye namficha), "TV yangu imekukataa."

"Imenikataaje, mama?"

"Umeshika maiki, umefungua mdomo, basi. Nimepangusa sidii na leso, nimeipuliza, bado umefungua tu mdomo kama unangoja kijiko cha uji."

Nilicheka. Naye akacheka. Kisha akauliza, "Kwani ulisema nini hapo? Mimi siku hiyo sikusikia kitu."

"Sikumbuki, mama."

Akafukuza kuku wake, kisha akasema, "Basi lete nyingine, na uje ukae tuione pamoja mpaka iishe. Na usiniletee ya haraka."

Sijui nani alimwambia. Ni kweli spidi ndiyo hukwamisha, hasa kwa deki kuukuu kama yake. Nyama ya haraka hutoka mbichi ndani, Kikopey wote wanajua.

Sasa niwaambie kinachonisumbua, kama kusumbuka ndiko huku. Tangu tumzike sijalia. Nakula vizuri, nalala vizuri, nachekesha watu kanisani. Wananisifu, "Mzee umejikaza." Sijajikaza popote. Ni kama mtu alipunguza sauti akaenda na rimoti.

Nimechoma nyingine kwa spidi ya chini kabisa. Kompyuta inasema imetoka safi, iko hapa mezani. Sijaionja. Nikiipeleka hivyo hivyo na ikwame tena, mama atajua sikuiangalia hii pia. Kuna pikapu ya maziwa inayopanda Dundori kila siku, dereva ananijua vizuri, anaweza kumfikishia na mimi nikasingizia kazi.

Wengi mtaniambia niende, kulia si vibaya. Kulia sikuogopi. Naogopa kukaa kando ya mama aliyemzaa, picha ziishe, ageuke aniangalie, na mimi nimuulize tu kama ilikwama mahali.

Nyinyi mliofiwa, semeni ukweli, hata mkinicheka kidogo si neno: nipande Dundori nikae naye, au nimpe mtu wa maziwa?