Kituo Kisicho na Benchi

Kabla hatujajengewa kituo, abiria wa Bonga tulisubiri magari ya mjini kwenye baraza la duka moja kando ya barabara ya Dodoma. Mwenye duka, mzee wa Kiislamu, alikuwa ameweka benchi refu la mbao, na hakumuuliza mtu kama amekuja kununua kitu. Mama yangu, ambaye magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, alipenda kukaa mwisho wa benchi, penye ukuta wa kuegemea. Gari likitokea, yule mzee alitoka nje na kumwambia konda asubiri, kuna mama anainuka. Konda alisubiri.

Kisha wakaja watu wa barabara, wakachora alama ya X nyekundu ukutani. Duka lilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Lilivunjwa asubuhi moja tukitazama, na mzee akahamia Maisaka kwa ndugu zake.

Kituo kipya kilipozinduliwa tulipiga makofi, hata mimi. Kina nguzo za chuma na paa la bluu lililo juu mno, mvua ya upepo inaingia yote. Pa kukaa hakuna. Kuna bomba moja la chuma la kuegemea. Fundi alituambia ameagizwa hivyo ili watu wasipageuze kijiwe.

Mama alilijaribu bomba lile mara moja, akateleza. Baada ya hapo alikuwa akikaa chini, juu ya khanga, miguu ameinyoosha vumbini. Siku moja tulikuwa tunakwenda kliniki yake ya presha. Gari likasimama mbele ya kituo, mbali kidogo na tulipokuwa. Nilimshika mama mkono kumwinua huku nikimwomba konda atungoje. Konda alitutazama vizuri tu, akagonga bodi, gari likaondoka. Mama alikuwa bado amepiga goti.

"Turudi nyumbani," alisema.

Nikamwambia lingine linakuja.

"Najua linakuja. Nimechoka kuinuliwa mbele za watu."

Nilikwenda mjini kwenye ofisi inayohusika kuomba benchi. Afisa alinisikiliza kwa adabu, kisha akanieleza kwamba kituo kimejengwa kwa viwango, na abiria hatarajiwi kukaa pale muda mrefu. Nikamuuliza yeye anapandia wapi. Akasema ana pikipiki.

Mama hajarudi kliniki. Dawa namchukulia mimi, zilezile, bila mtu kumpima. Kanisani nako ameacha kwenda. Waumini wenzake wanakuja kumwombea nyumbani, naye anawashukuru kwa sauti ndogo ambayo zamani hakuwa nayo.

Juzi nilimkuta kituoni mjamzito ameketi chini. Gari lilipofika nikaenda kusimama mbele ya gari, mkono juu ya boneti, mpaka yule dada akainuka na kupanda. Konda alinitukana, na abiria wawili wakamuunga mkono, eti nawachelewesha. Nikapanda nami. Nilitazama dirishani hadi mjini.